Purita Bado Yuko Mchangani

Compadre Ovidio alimleta Purita nyumbani kwangu Jumamosi moja mchana, ndani ya ndoo nyeupe yenye kifuniko, kaikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba supu ya moto. Mkewe Migdalia ndiye aliyeendesha gari, tena polepole, maana kila lilipotikisika Ovidio alimpigia kelele. Nilipofungua mlango hata salamu hakunipa.

"Umezima pampu ya mkondo?"

"Na wewe hujambo, compadre."

"Nakuuliza pampu, Heriberto!"

"Nimeizima. Pita ndani kabla hujaniangukia mlangoni."

Tunaitana compadre kwa sababu yeye ndiye aliyemshika binti yangu siku ya ubatizo, miaka thelathini na moja iliyopita. Tangu siku hiyo majina yetu tunayatumia tunapogombana tu.

Jumatatu yake alikuwa anakwenda kulazwa, apasuliwe kongosho atolewe uvimbe. Migdalia angeshinda naye hospitalini, na tangi la maji ya chumvi haliachwi peke yake hata wiki moja. Kwa hiyo Jumamosi hiyo Ovidio alikuwa amelivunja tangi lake la miaka ishirini. Sisi wafugaji wa matumbawe wa pwani hii ya Mayagüez tuna desturi yetu: ukiwa na tumbawe zuri, unakata kipande unampa mwenzako, na lako likifa unarudi kwake akukatie. Basi matumbawe yake yote aliyagawa nyumba kumi na moja, kuanzia Añasco mpaka Cabo Rojo. Hakuna aliyesema ahsante, wote walisema, "Nitakukatia ukirudi." Lakini samaki hakatwi kipande. Purita ilibidi aende nyumba moja, mzima, na Ovidio alichagua kwangu.

Samaki wa ukoo wake kwetu tunawaita mwanamwali. Ni jamaa wa pono, ila wembamba, na Purita alikuwa wa aina yenye madoa kama chui, urefu wa kidole cha kati na zaidi kidogo. Wote huanza maisha wakiwa majike, na aliye mkubwa asipokuwa na dume juu yake hugeuka dume mwenyewe. Purita aligeuka mwaka wa nne. Akapata kijani na wekundu wa kutisha, akaanza kuwafukuza wenzake tangi zima, na Ovidio akagoma kumbadilishia jina. Tulimcheka mpaka tukachoka.

"Hata Migdalia akigeuka nitaendelea kumwita Migdalia," alituambia.

"Nikigeuka mimi," Migdalia akajibu kutoka jikoni, "wewe ndiye utakayehama."

Samaki hawa ni wasumbufu kufuga. Wengi hufa mwezi wa kwanza, wanakataa kula, wanakonda mpaka mgongo unakuwa kisu. Ovidio alimweka Purita miaka sita. Usiku samaki hawa hulala ndani ya mchanga, wanazama kichwa kwanza taa zikififia, na asubuhi taa zikiwaka wanaibuka kujitikisa. Wakishtuka, au wakihamishwa, wanazama vilevile na wanaweza kukaa huko siku nyingi. Ndiyo maana alimleta kwangu. Mchanga wangu ni laini, una kina cha kiganja kizima, na ulikuwa na miaka kumi na miwili bila kuguswa.

Mchanga kama huo hauchimbwi. Sheria hiyo naijua kuliko wengi, maana ni mimi niliyekuwa nasimama kwenye mikutano yetu, katika ukumbi wa parokia, kuwafokea wafugaji wapya. Kule chini, hewa isikofika, mchanga huwa mweusi na hutunza sumu inayonuka yai viza. Ukiuacha umetulia haudhuru kitu. Ukiuchokonoa, umeifungulia mlango.

Tukammwaga Purita taratibu. Alisimama sekunde chache karibu na kioo, akatutazama kwa jicho moja kisha la pili, halafu akajitupa mchangani mara moja kama kisu kwenye siagi. Ovidio akacheka kwa sauti. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka mwezi ule.

"Amefika kwake," akasema. "Akitoka tu, nipigie. Hata kama nina mipira puani, Migdalia ataniwekea simu sikioni."

"Nitakupigia."

"Na usichimbe."

"Unanifundisha mimi?"

"Nakufundisha wewe hasa. Nakujua, fundi."

Alinijua kweli. Nimetengeneza viyoyozi miaka arobaini, na mashine ikinyamaza mimi hufungua. Sijawahi kuponya kiyoyozi kwa kukisubiri. Mke wangu kabla hajaondoka alikuwa akisema kwamba hata sufuria ya wali siwezi kuiacha iive bila kufunua kuchungulia, na sufuria nyingi za wali nimeziharibu.

Jumanne Migdalia alinipigia. Walimpasua, wakatazama, wakamshona. Hawakutoa kitu, kwa kuwa hakuna walichoweza kutoa. Nilikaa sakafuni mbele ya tangi nikalia, kisha nikaona haya nikaenda kubadilisha chujio. Siku ya tano akaomba simu mwenyewe. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Je, ametoka?"

"Bado. Yuko mchangani."

"Safi. Baada ya kile kimbunga, umeme ulipokatika, alikaa siku arobaini na tatu. Migdalia aliniambia nimfanyie mazishi. Siku ya arobaini na tatu, huyo! Katoka, kakonda, anadai chakula." Alikohoa kidogo. "Tumelala wote wawili, compadre. Wacha tulale. Tutaamka wote."

Maneno hayo yalinikaa kifuani. Mtu aliyeambiwa na madaktari wake kwamba hakuna la kufanya alikuwa ametafuta mahali pengine pa kuweka tumaini, na mahali penyewe palikuwa sebuleni kwangu.

Kila alasiri akauliza. Kila alasiri nikajibu bado. Siku ya kumi, ya kumi na mbili, ya kumi na tano. Nilianza kuichukia simu.

Siku ya kumi na tisa asubuhi nilipima maji, na rangi kwenye kichupa, ile inayoonyesha uozo, niliiona imekolea kuliko jana yake. Macho yangu ni ya mtu wa miaka sitini na minane, na sebule yangu haina mwanga mzuri, lakini hayo sikuyafikiria. Tumbawe langu moja lilikuwa limejikunja. Nikainama juu ya maji nikanusa, na nikajiambia nasikia harufu. Amekufa, nikasema. Amekufa siku nyingi, anaoza huko chini, na kesho ataniulia wengine wote. Niseme ukweli, maana nimeshachelewa kuusema mahali ulipotakiwa: niliwaogopea samaki wangu. Pia nilichoka kusema bado.

Nikachukua kijiko kirefu cha jikoni.

Nilichimba kona ya kushoto, sikuona kitu. Nikachimba nyuma ya mwamba. Wingu la kijivu likaanza kupanda. Nilipofika katikati, kijiko kilitoka na mchanga mweusi, na hapo harufu ilikuja kweli, ya yai viza, mpaka machozi yakanitoka. Ningeacha hapo. Nilijua kabisa kwamba ningeacha hapo. Mkono ukaendelea.

Purita aliruka kutoka mchangani kama aliyechomwa. Hai, mnene, kijani chake kinawaka. Katika siku zote kumi na tisa hakuwa amekonda hata kidogo. Akapita katikati ya lile wingu, akagonga kioo, akageuka, akapita tena humo humo maana hakuwa na njia nyingine, akagonga tena. Kisha akalala ubavu. Nilimkinga kwa mikono, nikamsogeza penye mkondo, nikamhamishia kwenye ndoo ya maji safi, ile ile nyeupe aliyokuja nayo. Matamvua yake yalifunguka na kufungika kwa robo saa, kisha yakaacha. Nilimwita kwa jina lake. Mimi, mtu mzima, nimepiga magoti sakafuni naita samaki.

Samaki wangu, waliokuwa wakiogelea juu, hawakupata hata mmoja wao shida yoyote.

Nilimzika uani, chini ya mmea wa recao ninaoutumia kupikia maharagwe. Tangu siku hiyo sijakata jani hapo. Alasiri simu ililia.

"Je, ametoka?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni. Lakini nyuma yake nikamsikia muuguzi akimwambia anyooshe mkono, naye akamjibu, "Subiri, bibie, naulizia samaki wangu," kwa furaha kama mtoto.

"Bado," nikasema. "Bado yuko mchangani."

Siku ya ishirini na sita walimrudisha nyumbani, na siku ya ishirini na saba alikuwa mlangoni kwangu, saa mbili unusu asubuhi, kavaa koti katika joto lile. Shingo ilikuwa imebaki mishipa mitupu. Migdalia alimshikilia upande mmoja.

"Taa zako zinawaka saa tatu, sivyo?" akaniuliza. "Wakitoka hutoka na taa. Nataka kuwepo."

Jana yake nilikuwa nimeusawazisha mchanga wa juu kwa kipande cha plastiki na kusogeza jiwe moja lifiche palipobaki weusi. Nikamwekea kiti cha kuegemea. Migdalia akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ataenda kulala kwa saa mbili tu, hajalala tangu Jumapili, Mungu anibariki. Ndivyo alivyoniambia, Mungu akubariki, na mimi nikaitikia amina.

Akaja kila siku. Nilimpikia kahawa ambayo hakuinywa, aliishika tu kupasha vidole moto. Nilimnunulia mkate wa sobao, ule laini, akanyofoa kipande kidogo akakizungusha mdomoni mpaka akasahau. Taa zikiwaka alisogea mbele, mikono juu ya magoti, na alinisimulia huku macho yakiwa mchangani. Alisimulia jinsi alivyomtongoza Migdalia kwenye foleni ya posta akijifanya hajui kuandika anwani. Alisimulia kisiwa cha Vieques alikozaliwa, na dada yake Áurea aliyemlea baada ya mama yao kufariki, aliyemchapa kwa sababu alificha kaa hai kitandani kwake. Saa nne kamili alidondosha chembe za kamba waliosagwa mbele ya kioo.

"Akisikia harufu atajua nimekuja," alisema.

Nami nilikaa pembeni. Mara nyingi nilifungua mdomo. Yeye aligeuka na kutabasamu, na mimi nikauliza kama anataka blanketi.

Siku ya thelathini na sita Migdalia alinivuta nje barazani.

"Compadre, zungumza naye. Áurea anapiga simu kila siku. Ana miaka themanini na moja, nyonga imevunjika, yeye hawezi kuja. Nimemwambia Ovidio tuondoke kesho, tupite Ceiba tupande kivuko, bado anaweza kukaa kwenye gari kwa saa tatu. Wiki ijayo sijui. Hataki! Anasema Purita atatoka akiwa hayupo."

"Na wewe umemwambia nini?"

"Nimemwambia samaki ni samaki na dada ni dada. Akaninunia mpaka jioni. Wewe anakusikia."

Nikaingia ndani. Hapa ndipo pangekuwa mwisho wa jambo kama ningekuwa mwanamume kamili.

"Nenda kwa Áurea," nikamwambia. "Akitoka nitakupigia."

"Siku arobaini na tatu, compadre. Leo ni ya thelathini na sita. Zimebaki saba." Alinionyesha vidole saba. "Unataka niende kwa dada yangu na sura hii tu? Nikimwona Purita, nitakwenda na habari ya kumpa. Nitamwambia, tazama, naye walimzika kabla hajafa."

Nikasema haya, kama unavyotaka. Nikaenda jikoni nikafungua bomba ili asinisikie. Nilikuwa najua sasa kwamba kila asubuhi aliyokaa pale nilikuwa namnyang'anya mwanamke mmoja mzee huko ng'ambo, na bado nikaosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu.

Siku ya arobaini na tatu alikuja amenyoa ndevu na kuvaa shati la kanisani. Hakuweza tena kutembea peke yake, tulimbeba mimi na Migdalia. Taa zikawaka. Saa nne akadondosha kamba, nikaona mkono wake umekosa nguvu ya kufika juu, nikamsaidia. Saa tano. Saa sita. Samaki wangu wakala zile chembe zote. Mchanga ukakaa kimya.

"Labda nimehesabu vibaya," akasema mwishoni. "Labda zilikuwa arobaini na nne. Ule wakati wa kimbunga nani alikuwa na kalenda?"

Alikuwa ananiomba radhi. Alidhani amenipotezea asubuhi zangu. Usiku huo sikupata usingizi, na sitausimulia.

Kesho yake, kabla taa hazijawaka, nilipiga magoti mbele ya kiti chake ili asilazimike kuinua kichwa.

"Ovidio, Purita hayumo."

"Hayumo wapi?"

"Mchangani. Nilichimba."

Akageukia mchanga, kisha mimi.

"Lini?"

"Siku ya kumi na tisa."

Akahesabu kwa midomo. Nilimwona akipita siku zote, moja moja, mpaka hii. Kisha akauliza taratibu, "Ulimkuta amekufa?"

Mlango ulikuwa wazi pale. Ningesema ndiyo, na sisi wawili tungepumua. Nafikiri hata yeye alitaka niseme ndiyo.

"Alikuwa hai."

"Amekonda?"

"Hapana. Alikuwa mnene. Rangi zote."

"Basi alikuwa anaendelea vizuri," akasema Ovidio. Akafunika uso kwa mikono miwili, na mabega yale membamba yakaanza kutikisika. Sikumgusa. Sikuwa na haki hiyo tena. Alipomaliza akajifuta kwa mkono wa koti.

"Mwite Migdalia," akasema. "Mwambie twende Vieques."

Migdalia alipanga safari ya Alhamisi. Jumatano Ovidio alishindwa kuketi. Alhamisi alikuwa hajui ni siku gani, na Jumapili, baada ya misa, alifariki. Nilikwenda siku zote hizo nikasimama mlangoni mwa chumba chake. Mara moja alifungua macho akaniona. Sijui alichoona, na sitajipa faraja kwa kubuni.

Áurea alikuja. Wajukuu walimpandisha kivuko na nyonga yake, na alasiri ya kuaga mwili aliingia ukumbini akisukuma chuma chake cha kutembelea, hatua moja baada ya nyingine, watu wote wakimpisha. Alikaa na ndugu yake karibu saa nzima, anazungumza naye kwa sauti ndogo. Kisha akauliza, nikasikia, "Heriberto ni nani?"

Nikasogea.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukikaa naye asubuhi?"

"Ndiyo, doña Áurea."

"Asubuhi ngapi?"

"Kumi na nane."

"Nilimtandikia kitanda." Hakuwa na hasira, na ningeona afadhali angekuwa nayo. "Kila siku nilibadilisha shuka, nikasema kesho anakuja. Migdalia anasema alikuwa anasubiri kitu kwako. Alikuwa anasubiri nini?"

Watu walikuwa karibu, wote wa klabu yetu, wenye matumbawe yake majumbani mwao. Migdalia alikuwa ameinua kichwa, maana yeye pia hakuwa ameambiwa.

"Samaki wake," nikasema. "Na samaki mwenyewe hakuwepo. Nilikuwa nimemuua mimi, nikamficha. Alisubiri bure."

Áurea alinitazama kwa macho ya Ovidio, makubwa, ya kahawia. Nilidhani atanitemea mate, na ningekaa nikapokea. Badala yake alivuta chuma chake pembeni, akapigapiga benchi kwa kiganja.

"Kaa," akasema.

"Doña Áurea, mimi..."

"Kaa, nimesema. Hizo asubuhi kumi na nane zilikuwa zangu. Umezichukua, haya, zirudishe. Nataka kujua alisema nini, alikula nini, alivaa nini. Moja moja. Na usiniruke hata moja."

Nikakaa. Nikaanza na ile ya kwanza, alipokuja amevaa koti.